Picha Safi, Kifua Kinauma

Mama yangu mkubwa anauza ndizi sokoni Kwa Sadala. Mwaka jana alianza kubanwa kifua kila akipandisha kilima kurudi nyumbani. Akisimama kidogo, kunaachia. Alizungushwa hospitali hadi akapigwa picha ya mishipa ya moyo. Majibu: mishipa iko safi. "Punguza mawazo, mama," akaambiwa, akapewa na dawa ya vidonda vya tumbo. Nilipokwenda likizo nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza, "Wewe si unasomea udaktari, mwanangu? Hivi mawazo gani haya yanayonisubiri kwenye kilima kilekile?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na kumbe swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu aliyopewa.

Picha ile hupigwa kwa kupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani mpaka kwenye moyo, kisha inamwagwa dawa inayoonekana kwa eksirei. Tatizo ni kwamba inaonyesha mishipa mikubwa tu. Ile midogo, ya chini ya nusu milimita, ambayo ndiyo inayogawa damu ndani ya msuli wa moyo, haionekani kabisa.

Watu wa mlimani tunalijua hili kwa mfongo. Mfongo mkuu unaweza kuwa safi, hauna jiwe wala tope, na migomba ya shamba la chini ikakauka kwa sababu vijifereji vya ndani vimeziba. Tena jiwe linalotisha kwa macho huenda halizuii maji yoyote. Kwa hiyo usiangalie tu, pima maji.

Mwaka 1996 Nico Pijls, Bernard De Bruyne na wenzao walichapisha kipimo kinachoitwa FFR. Waya mwembamba wenye kipima presha unapitishwa hadi mbele ya sehemu iliyobana. Mgonjwa anapewa adenosini, dawa inayofungua mishipa midogo ili damu ipite kwa wingi, kama vile anapanda kilima huku amelala kitandani. Presha ya nyuma ya kizuizi ikiwa 100 na ya mbele 72, jibu ni 0.72. Likiwa 0.80 au chini, kizuizi kinahesabika. Utafiti wa FAME wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 1,005, ulionyesha kwamba waliopimwa hivi waliwekewa stenti chache zaidi na wakapata madhara machache ndani ya mwaka mmoja.

Lakini mama mkubwa hana kizuizi. Kwake yeye kuna hatua ya pili, ambayo wengi hawaifikii. Waya uleule unapima pia joto: unaingiza maji ya chumvi yasiyo ya moto, unahesabu yanachukua muda gani kufika. Hapo unajua damu inaongezeka mara ngapi moyo ukihitaji (isipofika hata mara mbili, kuna shida) na mishipa midogo inakataa kiasi gani. Ukinzani wa 25 au zaidi si wa kawaida. Mwisho inatiwa asetilikolini kuona kama mshipa utajikaza ghafla. Wengine maumivu yao huwarudia palepale kitandani, na daktari anayaona kwa macho.

Jina la tatizo linabadilisha dawa. Mshipa unaojikaza hutibiwa kwa dawa za jamii ya amlodipini, na beta-bloka huweza kuuzidisha. Kwa mishipa midogo isiyofunguka, beta-bloka hiyohiyo mara nyingi ndiyo ya kuanzia. Kule Uskoti, katika utafiti wa CorMicA wa mwaka 2018, wagonjwa 151 wasio na kizuizi, wengi wao wanawake, walipimwa wote, ila madaktari wa kundi moja tu ndio waliopewa majibu. Baada ya miezi sita, kundi hilo liliumwa kifua kidogo kuliko lingine. Dawa zenyewe hazikuwa mpya, zipo hata madukani kwetu.

Waya huo ni ghali, na si kila chumba cha upasuaji wa moyo kinao. Sawa. Ila kumwambia mtu "hatujapima mishipa midogo" hakugharimu hata shilingi.

Mama mkubwa ana kliniki mwezi ujao. Nimemwandikia maneno hayo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, yenye alama ya kuuliza mwishoni.