Supu ya Nyanya kwa Tui la Makadamia

Karurumo, kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, iko katika ukanda wa makadamia, zao ambalo Kenya huuza kwa wingi ng'ambo. Inafaa nyingine zibaki jikoni: kiganja kimoja chatosha kuipa supu ya nyanya uzito bila tone la maziwa.

Zaidi ya asilimia 70 ya kokwa ni mafuta. Zikilowekwa, kisha zikasagwa na maji kwenye blenda, mafuta hutawanyika kuwa matone madogo mno, na tui hugeuka jeupe, zito.

Mpishi hukaanga kitunguu na saumu taratibu, akatia nyanya mbivu mpaka zipondeke kabisa. Husaga, hurudisha motoni, humimina tui mwishoni.

Maziwa ya ng'ombe hukatika upesi kwa uchachu wa nyanya. Tui hili, lenye protini kidogo, hustahimili zaidi.