Watoto wa Rika Tofauti, Somo Moja la Historia Nyumbani



Tunapotembelea sharika, swali moja limekuwa likijirudia. Mzazi, au bibi anayelea wajukuu, ana mtoto wa darasa la pili, mwingine wa darasa la tano na wa tatu yuko kidato cha pili. Angependa wajifunze historia pamoja nyumbani wakati wa jioni, lakini kila mmoja ana kitabu chake na mada yake. Aanzie wapi? Katika toleo hili tunaeleza mpango tunaoupendekeza, ili kamati zijue cha kununua na wafadhili wajue mchango wao unafanya kazi gani.

Mafunzo haya hayachukui nafasi ya shule. Sheria inataka kila mtoto aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nyumbani tunaongeza kile ambacho darasa lenye wanafunzi wengi haliwezi kutoa kwa urahisi: nafasi ya kuuliza, na wazee wa ukoo wa kujibu.

Kipindi kimoja, kazi tatu

Mzazi akifuata vitabu vya madarasa matatu, anahitaji vipindi vitatu. Mama aliyetoka shambani hana saa tatu za jioni, wala taa haina chaji ya kutosha. Baada ya wiki mbili mpango hufa.

Kwa hiyo tunashauri familia nzima ikae katika kipindi kimoja cha historia kwa wakati mmoja. Hadithi inasimuliwa mara moja, na wote wanasikiliza. Baada ya hapo kila mtoto anapewa kazi ya kiasi chake. Mdogo anachora alichosikia na kukieleza kwa mdomo. Wa kati anaandika sentensi tano na kuonyesha mahali hapo kwenye ramani. Mkubwa anaandika ukurasa mmoja akijibu swali la "kwa nini", na anatafuta maelezo ya pili ya kulinganisha na ya kwanza. Jioni mbili kwa wiki zinatosha.

Mzunguko wa miaka minne

Mwaka wa kwanza ni watu wa kale: Bonde la Oldupai, nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, na mifereji ya kale ya umwagiliaji ya Engaruka. Mwaka wa pili ni pwani na misafara: Kilwa, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, kisha biashara ya watumwa hadi soko la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Mwaka wa tatu ni ukoloni wa Wajerumani na kuingia kwa misheni, pamoja na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwaka wa nne ni kuanzia utawala wa Waingereza hadi leo: uhuru wa 1961, kuundwa kwa KKKT mwaka 1963, Muungano wa 1964 na Azimio la Arusha la 1967.

Ukiisha, mzunguko unaanza tena. Mtoto aliyesikia habari za Kilwa akiwa na miaka minane atazisikia tena akiwa na kumi na miwili, na safari hii atauliza maswali mengine. Mdogo anayefikia umri wa kujiunga katikati haanzishiwi mpango wake. Anaingia pale walipo wenzake, na sehemu alizokosa zitamfikia kwa zamu yake.

Hofu ya wazazi ni kwamba mdogo atachanganya nyakati. Dawa yake ni kupima miaka kwa miguu uani: hatua moja ni miaka 100. Kutoka leo hadi safari ya Ibn Battuta ni hatua saba hivi. Nyayo za Laetoli zina umri wa miaka kama milioni 3.6, yaani hatua 36,000, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Mtoto wa miaka saba analielewa hilo. Wazazi wanaouliza hesabu hizo zinakaaje na kitabu cha Mwanzo tunawashauri wamwalike mchungaji nyumbani wazungumze, wasiruke somo.

Mfano: Akeri, 1896

Historia ngumu ndiyo inayopima mpango huu. Mwaka 1893 Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro. Oktoba 1896 wamisionari wake wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, siku chache tu baada ya kufika. Kisha jeshi la Wajerumani, likisaidiwa na wapiganaji kutoka Kilimanjaro, liliwashambulia Wameru na Waarusha, likachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Misheni ilirudi Meru mwaka 1902, ikajenga Nkoaranga.

Mdogo asimuliwe kwamba wageni wawili waliuawa, kisha wenyeji wengi nao wakapoteza ndugu, nyumba na mifugo. Haitaji maelezo ya damu, lakini asikie pande zote mbili. Wa kati apange matukio kwa miaka. Mkubwa aulizwe: je, mtu wa Meru wa wakati ule angewezaje kumtofautisha mmisionari na askari, wote wakiwa Wajerumani kwake? Nani aliandika habari hizi, na nani alizisimulia tu?

Sisi Walutheri tuna deni hapa. Mtoto anayesikia nusu ya kwanza peke yake atawaonea aibu babu zake. Anayesikia nusu ya pili peke yake atalionea aibu kanisa lake. Anayesikia zote ataelewa pia kwa nini mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, hawakurudia mkuki. Walimtuma Kirilo Japhet New York, na mwaka 1952 akawasemea mbele ya Umoja wa Mataifa.

Dada mkubwa asigeuzwe mwalimu

Katika nyumba nyingi kazi ya kufundisha huangukia binti mkubwa, baada ya maji, kuni na chakula. Anawasaidia wadogo kila jioni na kurasa zake zinabaki tupu. Mpango wetu unataka msimulizi awe mtu mzima. Asiyejua kusoma anaweza kusimulia aliyoyaona, au kumwomba mwinjilisti au jirani asome. Binti naye ana kazi yake, na daftari lake likaguliwe kama ya wengine.

Kamati ifanye nini

Kwanza, isinunue seti ya vitabu kwa kila darasa. Kila mtaa ununuliwe ramani moja ya Tanzania, vitabu vichache vya kuazimana, na kila mtoto apate daftari na penseli. Pili, iorodheshe wazee walio tayari kuzungumza na watoto kuhusu miaka ya uhuru na vijiji vya ujamaa. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1961 sasa wamevuka 80, na orodha hiyo haiwezi kungoja bajeti ijayo. Tatu, mara moja kwa robo mwaka ipitie madaftari, ikianza na la binti mkubwa.

Kwa wafadhili wetu: fedha mnazotoa zinanunua vitu vichache na vya bei nafuu. Kazi kubwa inafanywa na mama, bibi na mzee wa mtaa.