Mwanafunzi wa uchapishaji haufiki mpaka, vitabu vinaufika

Eldoret ni mji uliokaa kwenye barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda Malaba. Malori yanayopita hapo kuelekea Uganda hubeba mafuta ya kula, sabuni, saruji na, msimu wa shule ukikaribia, maboksi ya vitabu. Huko huko Eldoret kipo Chuo Kikuu cha Moi, kinachofundisha uchapishaji wa vitabu tangu miaka mingi. Lakini mwanafunzi wake anapofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida hushika njia ya upande wa pili, kwenda Nairobi, kwa sababu kampuni kubwa za vitabu ziko huko.

Anachokikuta huko ni kazi halisi. Hupewa mswada ausome na kuandika ripoti fupi: unafaa au haufai, na kwa nini. Husoma prufu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akitafuta herufi iliyoruka au picha iliyokaa ukurasa usio wake. Hujifunza kwamba mchapishaji na mpigachapa ni watu wawili: wa kwanza ndiye anayetia mtaji na kubeba hasara, wa pili hulipwa kazi yake na kumaliza. Hujifunza pia kwamba karatasi kubwa ya mashine hukunjwa kuwa kurasa 16 au 32. Ndiyo maana mhariri huhangaika kukifanya kitabu cha kurasa 131 kiwe cha 128; kurasa tatu zilizozidi zinaweza kupandisha gharama ya kila nakala.

Jioni anajaza kitabu chake cha kumbukumbu, mhadhiri anakuja kumkagua, miezi miwili au mitatu inakwisha. Wengi hawalipwi, au hupewa nauli tu, na kodi ya chumba Nairobi haisubiri.

Tatizo ni kwamba mafunzo mengi huishia kwenye chumba cha uhariri. Ghalani mwanafunzi hupita siku moja, kama mgeni. Mpakani hafiki kabisa. Huko ndiko fedha za mfanyabiashara mdogo hupotea.

Mfano ulio karibu ni mtihani wa KCPE wa Kenya. Ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2023, baada ya mtaala mpya kupanda darasa hadi darasa tangu 2019. Mtu aliyekuwa na maboksi ya vitabu vya marudio vya mtihani huo alibaki na karatasi za kufungia maandazi. Ndani ya kampuni ya vitabu, mabadiliko kama hayo hujulikana mapema, kwa kuwa wahariri huwa tayari wanaandaa toleo jipya. Mwanafunzi anayesoma prufu za toleo hilo anajua toleo la zamani linakwenda kufa. Mwenye kibanda Busia hajui.

Kila nchi pia ina mlango wake. Kenya, vitabu vya kiada huidhinishwa na KICD. Tanzania huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), hivyo anayevusha vitabu vya kiada vya Kenya pale Namanga akitegemea shule za serikali za Arusha ameshakosea hesabu. Hadithi za watoto, kamusi na vitabu vya ziada vina nafasi zaidi. Hata hivyo vinahitaji mhariri anayezijua pande zote mbili. Kitabu cha hesabu kinachosema kilo ya sukari ni shilingi 150 kitamchekesha mtoto wa Arusha au Kampala, ambaye amezoea kusikia maelfu.

Kodi nayo ina ugumu wake. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 iliingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, lakini bidhaa inayouzwa nje kwa hati kamili hutozwa asilimia sifuri. Mfanyabiashara anayenunua dukani na kuvuka na mzigo wake kimya kimya hubeba kodi ambayo mwenzake mwenye nyaraka haibebi. Ukweli huu hauhitaji profesa. Unahitaji mtu wa mauzo aliyekaa wiki mbili kwenye kituo cha pamoja cha Malaba au Namanga akaona ankara na fomu zinavyopita.

Na vitabu vya kughushi? Jambo la kwanza la kutazama ni ISBN nyuma ya jalada. Baada ya 978, tarakimu 9966 ni za Kenya, 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9970 ni za Uganda. Nchi hizi zina tarakimu nyingine pia, na mghushi hunakili namba yote, kwa hiyo namba pekee haitoshi. Gundi inayoachia ukifungua katikati, picha zilizofifia na bei ya nusu ndizo hukamilisha ushahidi.

Soko la kuwafanya wanafunzi hawa waangalie mpaka lipo. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Vitabu vya somo hilo lazima vitoke mahali. Kusafiri nako kumerahisishwa kwa baadhi: tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa.

Kinachobaki ni ratiba. Kenya na Tanzania hufungua shule Januari, Uganda hufuata mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo maboksi huhama kati ya Novemba na Februari. Mafunzo mengi ya vyuo huangukia katikati ya mwaka, wakati ghala limetulia na mlinzi anasinzia mlangoni.