Sura ya 5: Aunsi za Liranda

Lori la mchanga wa Machakos likimwaga mzigo kwenye mjengo wa Kayole au Komarock, hakosekani mtu wa kuokota chembe inayometameta na kuuliza kama ni dhahabu. Si dhahabu. Mito ya Ukambani inapita juu ya miamba ya kale iliyojaa ulanga, na ulanga ndio unaong'aa. Ukwaruze kwa kisu: utabanduka vigamba vyembamba. Dhahabu haibanduki wala haivunjiki, hupinda. Ukitia mchanga kwenye karai la maji na kuzungusha, ulanga utatoka na maji, na dhahabu itabaki chini kabisa, kwa sababu ni nzito mara 19 kuliko maji.

Naanza na mchanga kwa kuwa kosa lilelile ndilo linalokula akiba za vyama vyetu vya Buruburu na Umoja. Mtu ameona kinachong'aa, au ameonyeshwa picha ya kinachong'aa, naye ameshapiga hesabu ya faida. Swali la kwanza kwa kampuni ya kutafuta dhahabu halihusu dhahabu hata kidogo. Linahusu mwamba.

Eastlands yote ya Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano ya umri wa miaka milioni chache tu. Mawe ya kujengea yanayochongwa Njiru ni majivu ya volkano yaliyoshikamana. Zipo nchi ambako volkano changa zilileta dhahabu, Indonesia ikiwa mojawapo, lakini huko maji ya moto yenye madini yalipita kwenye nyufa na kuacha alama ambazo mwanajiolojia huzitambua. Dhahabu ya Kenya inayojulikana vizuri iko magharibi, katika ukanda wa miamba ya kijani wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5: Kakamega, Vihiga, Siaya, Migori, hadi Lolgorien kule Narok. Miamba ya aina hiyohiyo ndiyo iliyobeba Geita na Bulyanhulu upande wa Tanzania. Kampuni ikikuambia ina kitalu ndani ya ukanda huo, imekuambia jambo moja tu, kwamba inatafuta mahali panapofaa kutafutwa. Jirani ya mgodi si mgodi.

Hapa sina budi kutaja upuuzi unaoua. Kuna wanaoamini kwamba dhahabu huhama, hujificha, na hudai kafara kabla ya kujitokeza. Imani hiyo, ikichochewa na waganga waliowauzia wachimbaji na wavuvi bahati, ilichangia mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Dhahabu iliyo mwambani haihami. Imeganda ndani ya mshipa wa jiwe jeupe la kwatsi tangu kabla ya kuwako samaki baharini. Mshipa ukipotea, mara nyingi ni kwa sababu mwamba ulikatika na kusogea, na mchoraji ramani mzuri huweza kuonyesha ulisogea upande gani.

Ushirikina una ndugu yake aliyevaa suti: yule anayedai kwamba setilaiti imeona dhahabu mita 200 chini ya ardhi. Setilaiti husoma uso wa nchi. Inaweza kuonyesha udongo uliobadilika rangi au mstari wa ufa, na hilo linasaidia kuchagua pa kwenda kwa miguu. Haijawahi kupima gramu hata moja iliyo chini. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kuchoronga.

Mtambo huleta juu nguzo ndefu za mwamba. Nguzo hupasuliwa katikati kwa msumeno; nusu hupelekwa maabara, nusu hubaki kwenye sanduku ili mwingine aje apime upya. Nusu hiyo inayobaki ndiyo dhamana yako. Kampuni ya Bre-X ya Kanada, iliyodai kupata dhahabu nyingi ajabu huko Busang, Indonesia, ilikuwa ikisaga nguzo nzima bila kubakiza nusu. Mwaka 1997 kampuni ya Freeport ilipochoronga mashimo yake kando ya yale ya Bre-X, haikukuta kitu cha maana. Sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu, na nyingi ya chembe hizo zilikuwa zimeviringika kama za mtoni, jambo lisilotarajiwa kwenye mwamba mgumu. Mabilioni ya dola yakayeyuka. Ndipo Kanada, mwaka 2001, ikaweka kanuni inayodai kila tangazo la kitaalamu litegemee mtaalamu mwenye sifa anayetajwa kwa jina.

Nilikusudia sasa kuendelea na leseni, menejimenti na soko la hisa, kila kimoja kwa sehemu yake. Lakini mambo hayo yote yanaonekana vizuri zaidi Liranda, kule Kakamega, basi tukae hapo.

Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931. Walowezi wakamiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikageuza sheria ya ardhi ya wenyeji ili uchimbaji upite. Mgodi mkubwa wa wakati huo, Rosterman, ulifungwa 1952. Mwaka 2012 African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, ilinunua vitalu vya eneo hilo na kuchoronga ukanda wa Liranda, pale Isulu na Bushiangala. Makadirio yalifika aunsi milioni 1.18, wastani wa gramu 12.6 kwa tani. Kiwango hicho ni kizuri sana. Migodi mingi ya wazi duniani huishi kwa gramu moja au mbili. Hata hivyo gramu 12.6, zikikusanywa pamoja kutoka kwenye tani nzima ya mwamba, hazizidi ukubwa wa punje kubwa ya haragwe.

Mwaka 2020 Shanta Gold ilinunua mradi huo kutoka Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia. Bei ya dhahabu ilikuwa zaidi ya dola 1,500 kwa aunsi. Zidisha, kama wanavyozidisha waandishi wa habari, na utapata zaidi ya dola bilioni 1.7. Shanta ililipa dola milioni 14.5, nusu hivi taslimu na iliyobaki kwa hisa, pamoja na ahadi ya mrabaha. Hiyo ni takriban dola 12 kwa kila aunsi iliyo ardhini.

Nimeona watu wakiikasirikia hesabu hii, wakidhani ni wizi wa mchana. Ningependa tuifuate polepole, kwa sababu atakayeielewa hatadanganywa tena kwa urahisi.

Kwanza, aunsi zile zilikuwa za daraja la kukisiwa, la chini kabisa. Mashimo yalikuwa mbali mno moja na jingine, na mtaalamu alikisia tu kwamba mshipa unaendelea kati ya shimo na shimo. Dhahabu haikusambaa sawasawa kwenye mwamba. Shimo moja linaweza kugonga chembe nene na kutoa gramu 100, na jirani yake, mita 20 tu pembeni, likatoa sifuri. Ili aunsi zipande hadi daraja la kudokezwa, kisha la kupimwa, ni lazima mashimo yasogezwe karibu, na kila mita ina gharama. Hata daraja la kupimwa bado si akiba. Akiba ni ile sehemu ambayo uchunguzi wa uhandisi na fedha umethibitisha kuwa inaweza kuchimbwa kwa faida.

Pili, mgodi wa chini ya ardhi hauchimbi mshipa peke yake. Chukua mshipa wa upana wa mita moja wenye gramu 12. Ikiwa mashine na usalama wa wafanyakazi vinadai upenyo wa mita mbili, na mwamba wa pembeni hauna kitu, kinachofika kinuni ni gramu 6. Kinu nacho huacha sehemu ya dhahabu kwenye makapi. Tena ni lazima kuwekeza kwanza kwenye mashimo, umeme, kinu na bwawa la makapi, miaka kadhaa kabla ya kuuza aunsi ya kwanza.

Tatu, Ikolomani, pale ilipo Liranda, si pori tupu. Ni mashamba, makaburi, shule na wachimbaji wadogo wanaojipatia riziki palepale. Kwa Katiba ya 2010 madini ni mali ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Lakini mwenye shamba bado lazima alipwe fidia na ahamishwe kwa haki. Kampuni inayoandika kurasa 40 juu ya mwamba na aya moja juu ya watu haijamaliza hesabu yake, nami hushusha thamani yake bila kusita.

Dola 12, basi, ilikuwa bei ya haki ya kuendelea kutafuta, pamoja na hatari zote zilizosalia. Kila hatari inayoondolewa kwa ushahidi huipandisha bei hiyo. Tangazo halipandishi thamani. Hupandisha bei ya hisa kwa wiki chache.

Mkiletewa kampuni ya dhahabu kwenye mkutano wa chama, ulizeni namba ya leseni na muitafute wenyewe kwenye rejista ya mtandaoni ya wizara inayosimamia madini. Ulizeni aunsi ziko daraja gani, ni mashimo mangapi yaliyochorongwa, ni maabara gani iliyopima, na nusu za nguzo zimehifadhiwa wapi. Mkijibiwa kwa picha ya vipande vya dhahabu mezani, rudisheni pesa kwenye akaunti ya chama.