Sekunde 42 darasani, dakika 20 mkekani

Binti wa dada yangu, wa Gredi ya Nne, aliniletea daftari jioni moja nyumbani Kuruwitu, pwani ya Kenya. Alikuwa ameandika 52 − 27 = 35. Nikamwuliza amefikaje hapo. Akanijibu bila kusita: "Mjomba, mbili haitoi saba. Kwa hiyo saba nimeitoa mbili, nikapata tano. Halafu tano toa mbili, tatu."

Ukurasa ulikuwa na hesabu kumi, na saba zilikuwa na kosa hilohilo. Mtoto huyu si mzembe wala si mzito wa kichwa. Alijitungia kanuni, akaifuata kwa uaminifu hesabu baada ya hesabu, na hakupata mtu wa kuketi naye muda wa kutosha kuiona. Muda wa kutosha ni kiasi gani, na unamgharimu mzazi nini? Tupige hesabu.

Saa 105 za darasa, dakika 126 za mtoto

Katika mtaala wa umilisi, mtoto wa Gredi ya Nne hadi ya Sita ana vipindi 5 vya Hisabati kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Jumla ni dakika 175. Mihula mitatu ina wiki takribani 36 za masomo, kwa hiyo mwaka mzima unatoa dakika 6,300, yaani saa 105. Si haba.

Lakini saa hizo ni za darasa zima. Chukua darasa la watoto 50, idadi isiyomshangaza mtu yeyote aliyeingia shule za umma za pwani. Mwalimu akiacha ubao na kumpitia kila mtoto kwenye daftari lake, kipindi cha dakika 35 kitampa kila mmoja sekunde 42. Kwa wiki ni dakika tatu na nusu. Kwa mwaka ni dakika 126, saa mbili na dakika sita.

Ni kweli kwamba mtoto hujifunza pia anaposikiliza pamoja na wenzake, na mwalimu hodari huwafikisha wengi mbali kwa njia hiyo. Ila kanuni potofu iliyojificha kichwani mwa mtoto mmoja haionekani kutoka ubaoni. Huonekana pale mtu anapomwuliza, "Umefikaje hapa?" kisha akanyamaza kusikiliza. Sekunde 42 hazitoshi hata mtoto kumaliza kujibu.

Sasa geukia nyumbani. Dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni dakika 100. Kufikia siku ya saba ya kuketi naye umeshampa dakika 140, zaidi ya zamu yake ya mwaka mzima darasani. Ukishikilia wiki 12, ambazo ni kama muhula mmoja, umempa saa 20. Kwa zamu ya sekunde 42, darasani angezisubiri kwa miaka tisa na nusu.

Nyumbani kama shule

Wako wazazi wanaomfundisha mtoto nyumbani moja kwa moja, na pwani yetu wamo. Kisheria njia hiyo ni nyembamba. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mtoto shuleni, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka masomo ya nyumbani yatambuliwe.

Hata hivyo, sote tumewahi kuwa walimu wa nyumbani. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 4, 2021, miezi tisa na ushei. Wengi wetu tuligundua wakati ule kwamba mtoto wa gredi fulani si lazima aziweze hesabu za gredi hiyo. Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza Kenya mwaka 2009, zilikuwa zimeshatuambia. Watoto walifuatwa nyumbani kwao na kupewa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na ripoti zilirudia jambo moja: katika watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioyaweza.

Hapa ndipo mzazi anapopoteza fedha. Mtoto akikwama, anayemfundisha nyumbani hununua mtaala mwingine, na mwenye mtoto shuleni hulipia tuisheni. Tuseme tuisheni ni shilingi 150 kwa saa. Saa 20 ni shilingi 3,000. Kundi likiwa na watoto 12, kila saa ina dakika 5 za mwanao. Umenunua dakika 100 kwa shilingi 30 kila moja, nazo ni sawa na wiki moja tu ya kukaa naye mwenyewe. Na kama somo linaanzia pale kitabu kilipofika, si pale mtoto alipokwamia, hata dakika hizo 100 zinamwagika mchangani.

Anzia alipokwamia

Shirika la Pratham la India lilijenga kazi yake ya miaka mingi juu ya wazo hili: mpange mtoto kwa kiwango anachokiweza, si kwa umri wala kwa darasa lake, kisha mpandishe ngazi moja moja. Nyumbani, kujua kiwango huchukua dakika kumi. Mwandikie maswali matano: asome namba za tarakimu mbili, ajumlishe 38 na 25, atoe 27 kwenye 52, azidishe 6 kwa 7, agawe 48 kwa 4. Swali la kwanza linalomshinda ndilo somo lenu la kesho, hata kama kitabu chake kiko kwenye sehemu na desimali.

Kwa mpwa wangu lilikuwa la tatu. Nikavunja fagio kuukuu la chelewa, nikapata njiti 100, nikazifunga kumi kumi kwa nyuzi za mkonge wa Vipingo. Tukaketi mkekani. Nikamwekea mafungu matano na njiti mbili. "Hizi ni 52. Nipe 27."

Alianza na njiti: saba. Akazitazama mbili zilizolala peke yake. Akanitazama mimi. Nikanyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ngumu ya jioni nzima. Akapapasa fungu moja, akalirudisha, akalichukua tena. "Naweza kulifungua?" Akafungua. Njiti kumi zikajiunga na mbili, zikawa kumi na mbili. Akatoa saba, zikabaki tano. Mafungu yaliyobaki ni manne, akatoa mawili. "Ishirini na tano," akasema, kisha akalivuta daftari lake na kulitazama kwa muda.

Lugha nayo inamsaidia mzazi. Kuanzia Gredi ya Nne Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anaweza kushindwa na swali ambalo angelijibu upesi kwa lugha ya nyumbani. Neno "eleven" halimwonyeshi kumi wala moja. "Kumi na moja" linavionyesha vyote viwili. Kwa ishirini na thelathini Kiswahili nacho huyaficha makumi, lakini wazee wa Kimijikenda husema mirongo miiri, yaani makumi mawili, na hapo fungu linaonekana. Mwache mtoto afikirie kwa lugha anayoielewa, kisha mpe neno la Kiingereza akiwa ameshashika maana.

Kisha jedwali la kuzidisha, linalowaliza watoto wengi. Kutoka 1 × 1 hadi 10 × 10 kuna majibu 100. Usimkabidhi yote. Kwa kuwa 3 × 7 ni sawa na 7 × 3, yanabaki 55. Ondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo ni mepesi kuyashika, yanabaki 21. Mawili kwa wiki, wiki 11. Jedwali zima linaisha ndani ya muhula mmoja.

"Lakini mimi sikusoma"

Mzazi husema hivyo, na husema kwa uchungu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa, watafiti nchini Botswana walijaribu msaada mdogo sana kwa kaya zipatazo 4,500: ujumbe mfupi wa simu kila wiki wenye hesabu za wiki hiyo, na kwa baadhi yao simu ya kama dakika 20 kwa mzazi na mtoto. Ujumbe peke yake haukuonyesha matokeo ya maana. Ujumbe pamoja na simu ulimwinua mtoto. Jaribio lilirudiwa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwamo, na simu ikasaidia tena. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kumwuliza mtoto na kumsubiri ajibu, na kazi hiyo haidai cheti.

Dakika 20 hazitibu kila kitu. Mtoto asiyeona ubao vizuri anahitaji macho yapimwe, na mwenye njaa anahitaji chakula kwanza. Zikipita wiki 12 za kukaa naye kwa dhati bila kupanda hata ngazi moja, mpeleke kwenye kituo cha kutathmini mahitaji maalum ya elimu, EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984. Usimchape, na usimwite mjinga.

Sisi watu wa Kuruwitu tunajua thamani ya kulinda kitu kidogo. Mwaka 2005 wazee na wavuvi walitenga hekta 30 za bahari zisivuliwe, wakati samaki wamepungua na nyumba zinahitaji kula. Bahari iliyobaki waliendelea kuivua. Walichoshikilia ni kile kipande kimoja, kila siku, bila ruhusa ya leo tu. Samaki walirudi. Dakika 20 za mtoto ni tengefu la namna hiyo: simu imewekwa kando, mgeni anaambiwa asubiri kidogo.

Wiki ya nne mpwa wangu aliniletea ukurasa mwingine wa hesabu kumi za kutoa. Tisa zilikuwa sawa. Ile ya kumi, 304 − 127, aliiandika 207, kwa sababu mahali pa makumi palikuwa na sifuri na hakuona fungu la kufungua. Nikamwuliza amefikaje. Akaeleza nusu, akanyamaza, akainuka mwenyewe kwenda kuleta njiti.