Droni ya FPV: Anza na macho, droni yenyewe itafuata

UMEIONA ile video. Kamera inashuka kwenye ukuta wa ghorofa kama mwewe aliyeona kifaranga, inapenya mlangoni, inapita chini ya meza za wageni, kisha inaibuka mbele ya bibi harusi bila video kukatwa hata mara moja. Umeitazama mara tatu. Mara ya nne ukaanza kuhesabu akiba yako.

Droni iliyopiga video hiyo ni ya FPV. Rubani wake hasimami shingo juu akiitafuta angani. Amevaa miwani inayomwonyesha kile ambacho kamera ya droni inaona saa hiyo hiyo, kana kwamba ameketi ndani yake. Kila anachofanya kwa vidole vyake kinategemea picha hiyo inayosafiri hewani bila waya. Picha ikipotea, rubani ni kipofu, na droni bado iko kasi.

Sasa wewe umefungua tovuti ya kuuza bidhaa. Kuna droni ya inchi 5, propela nne, kamera, kila kitu tayari. Kidole kiko juu ya kitufe cha kulipa. Hebu kitoe kwanza.

Sikiza. Droni ndiyo kitu utakachovunja. Utavunja propela siku ya kwanza, na usishangae fremu ikipasuka mwezi huo huo. Miwani, rimoti na chaja ndivyo vitu utakavyokaa navyo kwa miaka. Tena miwani ndiyo inayoamua ni droni gani utaweza kuirusha, kwa sababu miwani na kifaa cha kurusha video kilicho kwenye droni lazima vielewane. Ukinunua droni kwanza, umeruhusu kitu cha kuvunjika kikuchagulie kitu cha kudumu.

Kwa hivyo tufuate mpangilio mwingine.

Kibali kabla ya kulipa

Hapa Kenya droni ziko chini ya Mamlaka ya Safari za Ndege (KCAA), kwa kanuni za mwaka 2020. Kanuni hizo zinataka upate kibali kabla ya kuingiza droni nchini, kisha uisajili. Anayesajili awe ametimiza miaka 18. Ukiagiza kwanza halafu uanze kuuliza maswali mzigo ukishafika, pesa zako zinaweza kukaa kwenye boksi la forodha huku wewe ukizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Na usijidanganye kuwa kadogo kanakotoshea kiganjani hakahusiki. Uliza KCAA, kisha ndio ulipe.

Kuna mipaka ya kuruka pia: usizidi futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120, kaa mbali na viwanja vya ndege, na usirushe ndani ya mbuga za wanyama bila ruhusa ya KWS. Ukitaka kulipwa kwa kazi hiyo, kuna leseni ya rubani wa droni na cheti cha mwendeshaji. Kijana anayelenga harusi na matangazo aziweke gharama hizo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Jambo moja linawahusu watu wa FPV kuliko wengine. Sheria inataka droni ibaki pale inapoonekana kwa macho, na wewe ukivaa miwani huoni kitu kingine chochote. Huoni mtoto aliyeingia uwanjani wala helikopta inayokuja. Ndiyo maana marubani wazoefu huwa na mwenzao kando, asiye na miwani, kazi yake kuangalia anga na watu na kupaza sauti. Unapoomba kibali, eleza wazi kuwa utaruka ukiwa na miwani.

Rimoti, na wiki kadhaa bila droni

Kitu cha kwanza cha kununua ni rimoti. Usiitazame kama kifaa cha kuchezea kinachokuja bure ndani ya boksi. Tafuta inayotumia ELRS, mfumo huria ambao kampuni nyingi zinautengenezea vifaa, ili kesho ukibadilisha droni usilazimike kubadilisha rimoti. Toleo la gigahezi 2.4 linamtosha anayeanza, na zaidi.

Rimoti hiyo ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ufungue mchezo wa mazoezi kama Liftoff au Velocidrone. Kama kompyuta yako haiwezi, tafuta rafiki mwenye mashine ya kuchezea gemu.

Kwa nini usumbuke? Kwa sababu droni ya FPV hurushwa katika hali ambayo haijinyooshi yenyewe. Ukiilaza upande ukaachilia vijiti, inabaki imelala upande huo na kuendelea kwenda. Haikusamehi kama droni za kawaida za kupiga picha. Jipe angalau saa 15 kwenye kompyuta. Huko ukigonga ukuta unabonyeza kitufe kimoja, unaanza tena. Uwanjani ukigonga ukuta unafungua pochi.

Na kama baada ya saa hizo umegundua kuwa mchezo huu si wako, umepoteza pesa za rimoti tu, nayo unaweza kuiuza.

Analogi au dijitali?

Hapa ndipo mambo huchacha, na hapa ndipo chaguo lako la miwani liko.

Video ya analogi ni teknolojia ile ile ya runinga za zamani za antena ya juu ya paa. Picha yake si kali. Ukienda mbali inaanza kuingia chengachenga, kisha mistari, kisha inazidi. Lakini dalili ya mvua ni mawingu: unaona hatari ikija na unapata muda wa kugeuka. Vifaa vyake ni vya bei nafuu, ni vyepesi, na kampuni zote huelewana. Miwani ya kampuni moja hupokea picha kutoka kwa kifaa cha kampuni nyingine bila maneno mengi.

Dijitali ni kitu kingine. Picha ni safi, unaona nyaya za stima na matawi membamba ambayo kwenye analogi yangekumaliza. Mifumo inayojulikana ni ya DJI, iliyoanza 2019, Walksnail na HDZero. Shida ya kwanza ni bei. Ya pili ni kwamba mifumo hii haielewani. Miwani ya DJI haiwezi kupokea picha ya Walksnail. Ukiingia kwa mmoja, umefunga ndoa. Ya tatu ni namna inavyokufa: kwa DJI na Walksnail, picha inaweza kukaa nzuri, nzuri, kisha ikaganda ghafla ukiwa katikati ya miti. HDZero hudhoofika polepole, inafanana zaidi na analogi kwa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo huliandika kwa herufi ndogo: kuchelewa kwa picha. Fanya hesabu mwenyewe. Droni yenye kasi ya kilomita 100 kwa saa husonga karibu mita 28 kila sekunde. Picha ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, unachokiona kwenye miwani ni mahali droni ilipokuwa karibu mita 3 zilizopita. Ukuta ulio mita 2 mbele umeshaugonga, ila bado hujaambiwa. Mfumo wa kwanza wa DJI ulitangazwa kuwa unaweza kushuka hadi milisekunde 28, ambayo kwa kasi hiyo ni chini ya mita moja. Droni za bei ya chini zinazotuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi mara nyingi huchelewa zaidi ya hapo. Hizo zifurahie kwa kupiga picha, si kwa kupenya milango.

Uchague nini basi? Kama pesa ni za kubana na lengo ni kujifunza, chukua analogi na usione haya. Kama tayari una mteja anayesubiri na unajua utakaa kwenye kazi hii, ingia dijitali mara moja ili usinunue miwani mara mbili. Video ya mteja yenyewe hurekodiwa ndani ya droni. Ile ya miwani ni ya kukuongoza wewe. Na kama unavaa miwani ya macho, jaribu ile ya FPV iliyo kama boksi. Mara nyingi ina nafasi ndani.

Usinunue nguvu, nunua antena

Ukisoma maelezo ya kifaa cha kurusha video utaona 25, 200, 600, hata 1,000. Hizo ni miliwati, na kila muuzaji atakuambia kubwa ndiyo bora. Lakini umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya mawimbi inayokufikia hushuka hadi robo. Maana yake ili ufike mara mbili ya ulikofika na miliwati 200, unahitaji 800. Unalipa kwa betri na kwa joto.

Antena nzuri hukupa faida hiyo bila kuchoma kitu. Kwenye miwani yenye sehemu mbili za antena, weka moja inayosikia pande zote na nyingine bapa inayosikia zaidi mbele yako. Kama antena za droni ni za mzunguko wa kulia, za miwani ziwe za kulia pia. Ukichanganya kulia na kushoto, picha inadhoofika vibaya na utalaumu kila kitu isipokuwa kosa lenyewe.

Angalia pia kichwa cha antena. SMA na RP-SMA hufanana na hujifunga vizuri kwenye nyuzi, lakini ukiziunganisha pini ya katikati haigusani. Kifaa kitadhani hakina antena, na kurusha mawimbi bila antena kunaweza kukiunguza. Kwa sababu hiyo hiyo usiwashe droni kabla ya kufunga antena. Na usiiache mezani imewaka kwa muda mrefu, kwa sababu hupozwa na upepo wa kuruka.

Mawimbi ya gigahezi 5.8 ni mafupi, kama sentimita 5 tu. Majani mabichi, ukuta wa mawe, mabati na hata mwili wako mwenyewe huyazuia. Simama mahali wazi, uelekee droni iliko, usikubali iende nyuma ya jengo.

Chaneli si mali yako peke yako

Siku moja mtakuwa wawili au watatu uwanjani. Wa kwanza yuko hewani. Wewe unachomeka betri yako bila kuuliza, na kumbe uko kwenye chaneli yake. Papo hapo miwani yake inajaa picha ya nyasi zilizo mbele ya droni yako. Yeye sasa anaendesha kitu cha kasi bila macho, na hajui kiko juu ya nani.

Uliza kwanza. Kila mara. Kwa analogi kuna chaneli 40, lakini zinapandiana. Chaneli za R3 hadi R6 ziko ndani ya megahezi 5,725 hadi 5,875, eneo ambalo nchi nyingi huliachia vifaa vidogo visivyo na leseni. Wawili mkichukua R3, ambayo ni 5,732, na R6, ambayo ni 5,843, mna nafasi ya kutosha. Tumieni miliwati 25 mkiwa karibu. Masafa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA), kwa hivyo kabla ya kupandisha nguvu, jua wanachoruhusu.

Sasa droni, na moto wake

Umefika. Ya kwanza iwe ndogo, ile ya milimita 65 yenye propela zilizozungushiwa kinga na betri ya seli moja. Inaruka sebuleni au ukumbini, ikigonga ukuta inaanguka na kuinuka. Ile ya inchi 5 ni mashine inayoweza kukata vidole. Ingoje hadi vidole vyako viwe vimejifunza.

Jaribu pia kitu hiki kabla ya kuruka: toa propela zote, washa, kisha zima rimoti. Mota zisimame. Zikiendelea kuzunguka, droni hiyo haijawa tayari, nawe pia.

Usibanie pesa kwenye chaja. Betri za lipo hujazwa hadi volti 4.2 kwa kila seli, si zaidi. Tua ikiwa karibu 3.5, na kama hutaruka kwa siku kadhaa ziache kwenye 3.8. Iliyofura usiichaji tena hata kama bado inawaka. Ikiwa unaishi chumba kimoja ambamo kitanda, jiko na nguo viko pamoja, usichaji ukiwa umelala, na ziweke juu ya sakafu ya saruji mbali na pazia.

Mwisho, jifunze kulehemu. Waya utakatika, mota itaungua, na si kila mara utapata muda wa kwenda kwa fundi wa Luthuli Avenue. Anza kwa kulehemu vipande vya redio mbovu ya nyumbani.

Ile video ya harusi bado iko kwenye simu yako. Itazame tena leo jioni, lakini safari hii usimwangalie bibi harusi. Hesabu milango, angalia nguzo ziko wapi, jiulize rubani alisimama upande gani ili ukuta usimkatie picha. Ukianza kuona hayo, umeshaanza kuruka.