MINYOO YA NDEGE WA MAJINI NA MARADHI YA KICHOCHO: UFAFANUZI KWA WANANCHI

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba, makundi makubwa ya ndege wa majini huondoka Ulaya na Asia ya Kaskazini kwa kukimbia baridi, na huja kukaa Afrika ya Mashariki mpaka karibu na mwezi wa Aprili. Baadhi yao, kama vile vitwitwi na sululu, huonekana katika fukwe za Unguja na Pemba maji yanapokupwa. Wengine, wakiwemo mabata wa mwitu na korongo, hupita bara na kutua katika maziwa na malambo ya mikoa ya kati.

Ndege hao, kama walivyo viumbe wengine, huwa na minyoo matumboni mwao. Inafaa ifahamike ni madhara gani minyoo hiyo inaweza kumletea binadamu na ni yapi isiyoweza kuyaleta, kwani kuyachanganya mambo hayo mawili kunaweza kumfanya mtu apuuze maradhi makubwa kwa kudhani ni madogo.

MFANO WA MUNGAA

Mfano mzuri wa jambo hili ni Mungaa, iliyomo katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Mkoa huo ni miongoni mwa mikoa mikavu ya Tanzania, na hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika mwezi wa Aprili. Hivyo basi, ndege wahamao huwasili wakati ule ule ambapo malambo yanajaa. Katika vijiji vya nchi kavu kama hiyo, lambo moja huweza kunyweshewa ng'ombe, kufuliwa nguo, kuchotwa maji ya nyumbani na kuchezewa na watoto, huku mabata wa mwitu wakielea upande wa pili.

Mgeni anayefika Singida huwaona ndege wengi zaidi katika maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo kando ya mji, ambako heroe hukusanyika. Huenda akadhani kwamba hatari iko huko. Sivyo. Maji ya maziwa hayo ni ya chumvi na magadi, na konokono wanaobeba viluwiluwi vya kichocho hawawezi kuishi humo. Heroe nao wana minyoo yao. Katika nchi za Bahari ya Kati imeonekana kwamba tegu wao hupitia kwa kamba wadogo wa maji ya chumvi, kisha hurudi kwa heroe, wala hawamwingii binadamu. Mahali pa kutahadhari ni lile lambo dogo la maji baridi, lenye majani na konokono.

SAFARI YA MINYOO

Wapo minyoo wa jamaa moja na wale wa kichocho ambao huishi katika mishipa ya damu ya matumbo ya ndege. Mayai yao hutoka pamoja na kinyesi cha ndege na kuanguka majini. Humo huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono na kuingia mwilini mwake. Baada ya wiki kadhaa konokono huanza kutoa viluwiluwi vingi visivyoonekana kwa macho, navyo huogelea kumtafuta ndege mwingine ili viingie kupitia ngozi yake.

Kiluwiluwi hicho hakijui kupambanua baina ya mguu wa bata na mguu wa mtoto. Kikikutana na binadamu hutoboa ngozi yake, lakini huwa kimepotea njia: hakiwezi kukua ndani ya mwili wa mtu, na hufa pale pale ngozini. Kinachobaki ni mwasho na vipele vyekundu, ambavyo kwa kawaida hupoa vyenyewe katika muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Mtu aliyekwisha kupatwa mara nyingi huwashwa zaidi, kwa sababu mwili wake umeshamtambua mgeni huyo.

Asili ya mwasho huo ilibainishwa mwaka 1928 na mtaalamu wa Kimarekani, William Walter Cort, katika maziwa ya Jimbo la Michigan. Katika eneo letu, mtaalamu wa Kibelgiji Alex Fain alieleza katika miaka ya 1950 kuhusu minyoo ya aina hiyo aliyoikuta kwa ndege wa Ruanda-Urundi, nchi ambazo leo ni Rwanda na Burundi.

KICHOCHO HAKITOKANI NA NDEGE

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa sana. Kichocho cha mkojo hutokana na mnyoo mwingine, ambaye hutoka kwa binadamu mmoja na kumwendea binadamu mwingine kwa kupitia konokono. Ndege hana sehemu katika mzunguko huo. Mtu mwenye maradhi akikojoa majini, mayai ya minyoo huingia katika maji hayo. Na wanaokoga au kufua humo baadaye huambukizwa.

Tatizo ni kwamba viluwiluwi vya kichocho navyo huweza kuleta mwasho vinapoingia mwilini. Mzazi anayeona vipele kwenye miguu ya mwanawe na kusema, "Hayo ni ya ndege tu, yatapoa," huenda akawa amesema kweli, na huenda akawa amekosea. Vipele vitapoa katika hali zote mbili. Lakini iwapo ni kichocho, minyoo itaendelea kukua, na baada ya miezi kadhaa mtoto ataanza kukojoa damu. Katika sehemu nyingi za Afrika damu hiyo ilichukuliwa kuwa ni alama ya mvulana kukua. Si kweli. Ni maradhi, na yakiachwa kwa miaka huharibu kibofu na figo, na huweza kusababisha saratani ya kibofu.

Tiba yake ipo, nayo ni dawa ya prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo moja ya uzito wa mtu. Visiwani, kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, ulifanywa mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho uliohusisha shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba. Wananchi walipewa dawa, na katika baadhi ya shehia konokono waliuliwa, na kwengineko watoto wa skuli walifundishwa na kujengewa mahali pa kukojoa na pa kufulia nguo. Maradhi yalipungua sana. Hapakuwa na haja ya kumfukuza ndege hata mmoja.

MAJI YA KUNYWA

Kinyesi cha ndege wa majini kinaweza pia kuwa na bakteria wa kuharisha, kama vile salmonela. Aidha, imeonekana kwamba bata bukini wa mwitu wanaweza kumeza vijidudu vya kriptosporidio katika kinyesi cha mifugo na kuvitoa mahali pengine vikiwa hai. Vijidudu hivyo havifi kwa urahisi kwa dawa ya klorini, lakini hufa maji yakichemka. Wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga na watu wenye kinga dhaifu ya mwili.

TAHADHARI

Kwa hiyo wananchi, wa bara na wa visiwani, wanashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Maji ya kunywa yachotwayo lamboni au kisimani yachemshwe mpaka yatokote.

(b) Maji ya kukogea yahifadhiwe katika chombo au tangi kwa siku mbili kabla ya kutumiwa, kwani viluwiluwi hufa katika muda huo. Maji hayo bado hayafai kunywewa bila ya kuchemshwa.

(c) Mifugo inyweshewe nje ya lambo, na mtu yeyote asikojoe wala kujisaidia majini au kandokando yake.

(d) Mtoto anayecheza katika lambo apelekwe kupimwa mkojo, hata kama vipele vimekwisha kupoa.

(e) Ndege aliyeonekana amekufa asishikwe kwa mikono mitupu wala asiliwe. Itolewe taarifa kwa ofisa wa mifugo. Januari 2017 nchi jirani ya Uganda ilitangaza mafua ya ndege baada ya ndege wa mwitu kuonekana wamekufa kando ya Ziwa Victoria.

(f) Ndege wasiuawe wala wasivunjiwe mazalio yao kwa kuwahofia. Kufanya hivyo hakuondoi kichocho.

Ndege wahamao hukaa kwa msimu na kwenda zao. Konokono na mkojo wa mwenye maradhi hubaki lamboni. Mzazi atakayeona damu katika mkojo wa mwanawe asiwatazame mabata walioko majini, bali ampeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo.